Bolti, nati na vyuma vidogo vya akiba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote mwenye kona ya ufundi nyumbani: kibanda cha nyuma, sehemu ya baraza, au nafasi ya gari moja yenye meza na jiliwa. Umelenga zaidi magari ya Kijapani, pikipiki, baiskeli na mashine tulizozizoea Afrika Mashariki, maana huko ndiko bolti nyingi za akiba zinakotoka. Jambo moja linarudi katika majibu mengi, na nalisema mapema. Bolti unayoijua ilikotoka, ukubwa wake na nguvu yake, hiyo ni mali. Usiyoijua ni kipande cha chuma chenye nyuzi, na ipewe kazi ndogo.

Bolti mpya zinauzwa kila mtaa. Kwa nini nihangaike na kuukuu?

Kwa sababu bolti za gari hazipatikani kirahisi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Duka la mtaani lina bolti za kupaulia, za mageti, za robo inchi na nusu inchi, na za milimita zenye nyuzi nene. Uliza M10 (yaani unene wa milimita 10) yenye nyuzi laini za milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi, ambayo imejaa kwenye Toyota na Nissan. Utaambiwa hakuna, au utapewa inayofanana nayo kwa macho. Itaingia mizunguko miwili, itakaza, na mwenye haraka ataisukuma kwa spana ndefu. Kama tundu liko kwenye alumini, nyuzi za ndani zimeshaondoka, na kazi ya dakika tano imegeuka kuwa kazi ya kuchonga upya.

Sababu ya pili ni nguvu. Bolti nyingi za bei rahisi ni za daraja la chini, wakati ile uliyoitoa kwenye mabano ya injini ilitengenezwa kwa kazi nzito. Bolti kuukuu ya gari, ikiwa nyuzi zake ni nzima, mara nyingi ina uwezo kuliko mpya ya dukani inayong'aa.

Na ipo sababu ya Jumapili jioni, maduka yote ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, yamefungwa, na kazi imesimama kwa kukosa washa moja.

Nitunze nini hasa, na nini niache?

Tunza bolti zenye namba kichwani, bolti zenye kola pana iliyounganishwa na kichwa, nati zake, washa nene, spring washa ambazo bado zimepinda, klempu za mipira ya maji, klipu za plastiki za bampa na milango zisizovunjika, bushi za chuma, na beringi zinazozunguka bila kukwaruza. Stadi ndefu zenye nyuzi pande zote mbili nazo ziweke. Zinaonekana hazina kazi mpaka siku utakapotaka kutengeneza kifaa cha kuvutia beringi.

Acha bolti iliyopinda au kurefuka katikati. Ilaze juu ya kioo au bati bapa uiviringishe: iliyopinda itacheza. Kisha itazame kwenye mwanga. Ukiona kiuno kimekonda sehemu fulani, bolti hiyo ilivutwa kupita uwezo wake, na siku nyingine itakatika. Acha pia iliyoliwa na kutu mpaka mabonde ya nyuzi yamejaa vishimo. Bolti yenye kichwa kilicholika pembe haifai kuhifadhiwa kwa matumaini, kwani utaifunga leo kwa shida na kesho utashindwa kuifungua.

Nitajuaje ukubwa wa bolti? Nimezoea kusema "bolti ya spana 12".

Kusema hivyo kunaeleweka gereji, lakini spana inapima kichwa, nayo inakudanganya. Bolti ya M8 kwenye gari la Kijapani kwa kawaida ina kichwa cha 12. Kwenye gari la Ulaya au bolti ya kawaida ya dukani, M8 hiyo hiyo ina kichwa cha 13. M10 ya Kijapani ni spana 14, ya Ulaya ni 16 au 17. M12 ya Kijapani ni 17, ya Ulaya ni 18 au 19. Ndiyo maana fundi wa Toyota anaishi na 10, 12, 14 na 17, na spana yake ya 13 bado ina rangi.

Vipimo vya kweli ni viwili: unene wa sehemu yenye nyuzi, na umbali kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Unene upime kwa venia, rula ya chuma yenye taya. Bolti ya M8 itasoma chini kidogo ya milimita 8, na hiyo ni kawaida. Umbali wa nyuzi usipime uzi mmoja. Pima kumi kwa pamoja. Nyuzi kumi za M6 ya kawaida zinachukua milimita 10. Za M8 ni milimita 12.5. Za M10 yenye nyuzi nene ni 15, na yenye nyuzi laini za Kijapani ni 12.5. M12 ina sura tatu: 17.5, 15 au 12.5, na hizo tatu haziingiliani hata kidogo.

Kama huna venia, chukua bolti unayoijua, ilaze ubavu kwa ubavu na usiyoijua ili meno ya hii yaingie mabonde ya ile, kisha ziinue mbele ya dirisha. Zikiwa sawa, hakuna mwanga unaopenya. Zikitofautiana, meno ya mwanzo yatalala vizuri, halafu yataanza kupandana, na utaona nyufa za mwanga zikikua kadiri unavyoelekea mwisho.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ubao wa nati. Chukua kipande cha mbao ngumu, chimba vitundu, gandisha humo nati moja moja kwa gundi ya chuma: M5, M6, M8, M10 ya 1.25, M10 ya 1.5, M12 ya 1.25, ya 1.5 na ya 1.75. Andika chini ya kila moja kwa rangi ya mafuta na uupigilie ubao ukutani. Bolti yoyote itakayoingia kibandani ipite hapo kwa vidole tu, bila spana. Inapozunguka mpaka mwisho kwa ulaini, umepata jina lake.

Namba zilizoandikwa kichwani zina maana gani?

Ni daraja la nguvu, na ni jambo la kwanza kulitazama baada ya kufuta grisi. Kwenye 8.8, tarakimu ya kwanza mara 100 inakupa nguvu ya kukatika kwa kila milimita ya mraba: nyutoni 800. Tarakimu ya pili inasema bolti itaanza kurefuka bila kurudi ikifika sehemu gani ya nguvu hiyo. Nane ni asilimia 80, yaani nyutoni 640. Kwa hiyo 10.9 inakatika kwenye 1,000 na kurefuka kwenye 900, 12.9 inakatika kwenye 1,200.

Tuone kwa uzito. Bolti ya M8 ya daraja 4.6 inakatika ikivutwa kwa karibu tani moja na nusu. M8 ya 8.8, sura ile ile, spana ile ile, inafika karibu tani tatu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha isipokuwa kwa maandishi ya kichwani.

Magari ya Kijapani mara nyingi yana namba moja tu: 4, 7, 9 au 11. Hizo zinahesabu kilo kwa milimita ya mraba, kwa makumi. Yenye 7 inabeba takriban kilo 70, karibu na 8.8 lakini chini yake kidogo, hivyo usiiweke mahali palipotoka 10.9. Bolti za inchi za Kimarekani hutumia mistari: mistari mitatu ni daraja 5, sita ni daraja 8, na kichwa kitupu ni ya chini. Bolti za stenlesi huandikwa A2-70 au A4-80. Watu huzidhania kuwa ngumu kwa sababu hazishiki kutu, lakini A2-70 iko chini ya 8.8.

Bolti isiyo na alama yoyote ichukulie kuwa dhaifu. Itafunga rafu, kava, kishikio cha kopo la maji. Isipewe kubeba mtu.

Bolti zipi hazirudi kazini hata zikiwa safi?

Hapa sina mzaha, na naomba usome polepole.

Bolti za silinda hedi zinazokazwa kwa kipimo kisha kuongezwa digrii kadhaa hufanya kazi kwa kurefuka. Baadhi ya watengenezaji hutaka zitupwe kila zinapofunguliwa. Wengine wanaruhusu zirudi kama urefu au unene wake haujavuka kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bila kitabu, nunua mpya. Bolti za konrodi na za flaiwili ziweke kundi hilo hilo.

Nati zenye pete ya nailoni hushika kwa sababu nyuzi huikata pete ile mara ya kwanza. Ukiweza kuizungusha nati kwa vidole mpaka nyuzi zikatokea upande wa pili wa pete, imekwisha. Kwenye stelingi, breki na shokapu weka mpya. Na nailoni hiyo haistahimili joto la zaidi ya takriban nyuzijoto 120, kwa hiyo usiipeleke karibu na ekzosi.

Spliti pini hazikunjwi mara mbili. Ni vipande vya bei ndogo kuliko vyote kwenye gari, na ndivyo vinavyozuia nati ya gurudumu au ya tai rodi isitoke. Washa za shaba za mpira wa breki nazo ziwe mpya. Washa ya shaba ya plagi ya kumwagia oili unaweza kuilainisha kwa kuichoma mpaka iwe nyekundu kisha kuitia kwenye maji, na itabana tena vizuri.

Mkanda wa usalama, kiti cha gari, kiti cha mtoto, ndoano ya kuvutia trela: bolti zake zitoke kwenye gari la aina hiyo hiyo au dukani zikiwa na namba, kamwe zisitoke kwenye kopo la mchanganyiko.

Nati za tairi nimekusanya nyingi. Zinaingiliana?

Zinaonekana zinaingiliana, na hapo ndipo hatari ilipo. Toyota nyingi ndogo, Honda na Mitsubishi hutumia M12 yenye nyuzi za 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni M12 ya 1.25. Nati ya moja itaanza kuingia kwenye stadi ya nyingine, na mashine ya upepo itaimalizia kwa nguvu. Mwenye gari ataondoka akidhani imekaza.

Tazama pia sehemu inayokaa kwenye rimu. Nati ya rimu za chuma ina mdomo wa pembe kama koni. Rimu nyingi za alumini za Toyota zinatoka kiwandani na nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Honda nyingi zina mdomo wa mviringo. Ukipeleka koni mahali pa mviringo, mgusano unakuwa mstari mwembamba tu, na nati hulegea njiani. Tenga nati za tairi kabisa na akiba nyingine, na zifunge kwa waya seti kwa seti, kila seti ikiwa na karatasi ya jina la gari.

Fundi amemaliza kufunga gari na amebakiza bolti tatu. Anasema si muhimu, nizitunze.

Usizipokee bado. Mwulize kwa heshima, "Fundi, kila moja hapa imetoka wapi?" Fundi mzuri hataudhika, atainama tena chini ya gari.

Bolti zinazobaki mara nyingi ni za kava ya chini ya injini, ngao ya joto ya ekzosi, boksi la kichujio cha hewa, kava ya mkanda, au kibano cha betri. Zote zinaonekana ndogo. Kava ya chini isiyofungwa vizuri huanza kuning'inia ikikuta matuta na kukwaruza tairi. Betri isiyobanwa hutembea barabara ikiwa mbovu, na kichwa chake kikigusa boneti utaona cheche. Ngao ya joto ikikosekana, majani makavu uliyoegesha juu yake yanapata moto wa bure.

Dawa yake ni kabla ya kufungua. Chukua ubavu wa boksi la karatasi ngumu, chora kwa kalamu umbo la kava unayoifungua, toboa kitundu kila palipo na bolti, na chomeka kila bolti mahali pake inapotoka. Hii ni lazima kwenye kava za injini ya pikipiki na gia boksi, ambapo bolti za M6 zina urefu tofauti kwenye kava moja. Ndefu ikiingia tundu fupi, inagota mwisho na kupasua alumini. Fupi ikiingia tundu refu, inashika nyuzi tatu tu na kuziondoa unapokaza. Karatasi hiyo ya boksi ukiwa nayo, hakuna bolti itakayobaki mezani bila jina.

Nizifungie wapi na kwa mpangilio gani?

Kopo moja kubwa la kila kitu halikusaidii. Utalimwaga chini kila mara, na mwisho utakata tamaa uende dukani.

Tenga kwanza kwa unene, baadaye kwa urefu. Makopo ya maziwa ya unga, ya Blue Band au ya Kimbo yanatosha kabisa: moja la M6, moja la M8, mawili ya M10 kwa sababu ya nyuzi mbili, moja la M12, moja la inchi zote, moja la washa, moja la skrubu za bati na mbao. Kidumu cha lita tano cha mafuta ya kula kikikatwa ubavu na kuachwa mkono wake, kinakuwa trei inayobebeka. Chupa za kioo za jemu zinaonyesha kilichomo, ila ziweke chini, kwa kuwa chupa iliyojaa chuma ikianguka kutoka rafu ya juu ni ajali.

Bolti kutoka kazi moja zisitawanywe. Seti ya mabano ya alternata, kwa mfano, iache pamoja na nati na washa zake kwenye kifuko au imefungwa kwa waya, na uandike: gari gani, sehemu gani. Kipande cha plasta ya rangi na kalamu ya wino mzito ni vyombo vya ufundi sawa na spana. Miaka miwili baadaye maandishi hayo ndiyo yatakayokuambia kama bolti ile yenye 9 kichwani inaweza kupewa kazi ya hatari.

Zina kutu. Nizisafisheje?

Anza na dizeli au mafuta ya taa, brashi ya waya na subira. Loweka usiku, sugua asubuhi, futa kwa kitambaa, paka oili. Petroli usitumie: mvuke wake hutambaa chini na kufuata moto hata ulio mbali, jiko la mkaa la jirani likiwemo.

Kwa kutu nzito, siki ya jikoni inafanya kazi. Iache bolti humo usiku mmoja, isugue, kisha ioshe kwenye maji yenye magadi ili kuua asidi, ikaushe juani na uipake oili papo hapo. Ukichelewa itashika kutu upya mbele ya macho yako.

Lakini asidi, iwe siki au maji ya betri, isiguse bolti za 10.9 na 12.9. Chuma kigumu namna hiyo hunyonya haidrojeni kutoka kwenye asidi na kuwa rahisi kuvunjika. Bolti inabaki inang'aa, unaifunga, na siku moja inakatika kichwa bila kuonya, gari likiwa limeegeshwa. Hizo zisafishwe kwa brashi tu.

Bolti nyingi za rangi ya fedha au dhahabu zimepakwa zinki. Usizichome kwa gesi wala kuzichomelea ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi mweupe wa zinki huleta homa na baridi kali saa chache baadaye.

Nyuzi zimeumia kidogo mwanzoni. Nizirudishe?

Ndiyo, kama ni uzi mmoja au miwili ya mwanzo. Pitisha dai, yaani chombo cha kuchongea nyuzi za bolti, ya saizi hiyo ukiwa umeweka oili, nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili kukata chembe. Ukikosa dai, chukua nati ngumu ya saizi ile ile, ikate mfereji ubavuni kwa msumeno wa chuma, na uizungushe polepole juu ya nyuzi zilizoumia. Mfereji hubeba uchafu na kunyoosha meno yaliyolala. Nyuzi zikiwa zimeliwa katikati, usipoteze muda.

Nimepewa bolti za trekta la zamani na za cherehani. Ni za saizi gani hizi?

Huenda ni za inchi. Massey Ferguson za kizazi cha 135 zina nyuzi za inchi za Kimarekani: UNC ni nene, UNF ni laini. Land Rover za Series za mwanzo zilikuwa na nyuzi laini za Kiingereza za BSF, zikahamia UNF baadaye. Mfumo wa Kiingereza ulianza na Joseph Whitworth mwaka 1841 na meno yake yana pembe ya digrii 55. UNC na milimita zina digrii 60. Whitworth na UNC zina idadi sawa ya nyuzi kwa inchi katika robo inchi na 3/8, kwa hiyo zinaingiliana na kudanganya, lakini kwenye nusu inchi moja ina 12 na nyingine 13, zikagoma.

Mtego mkubwa zaidi ni 5/16 na M8. Unene wake unatofautiana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Nati ya M8 juu ya bolti ya 5/16 ya UNC inaingia mzunguko au miwili na kubana. Ikibana kwa vidole, iache hapo hapo.

Skrubu za cherehani ya Singer, pamoja na zile zilizoiga muundo wake, zina nyuzi za kwao wenyewe. Hazifanani na chochote dukani. Ziweke kwenye kifuko chao na ukiona fundi cherehani anaharibu mashine kuukuu, mwombe skrubu zake zote.

Pedali ya kushoto ya baiskeli, kioo cha kulia cha pikipiki nyingi za Yamaha na valvu nyingi za mitungi ya gesi inayowaka zina nyuzi zinazofungwa kinyume. Zitie alama ya rangi nyekundu.

Naishi Tanga, karibu na bahari. Kila kitu kinaoza.

Hewa ya chumvi hupenya hata kabati. Makopo yawe na vifuniko, na bolti ziwe zimelowa oili, hata oili chafu iliyochujwa. Usiweke moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji; weka mbao chini.

Kwa boti, geti na antena, tumia stenlesi ya A4, ambayo inavumilia maji ya chumvi kuliko A2. Paka grisi kwenye nyuzi kabla ya kufunga, maana stenlesi juu ya stenlesi ikikazwa kavu na kwa haraka hushikana kabisa na utalazimika kuikata. Ukiifunga kwenye alumini, weka washa ya plastiki katikati, vinginevyo alumini italiwa kuizunguka bolti.

Naweza kununua kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu?

Unaweza, na wengine hupata seti nzuri kutoka magari yaliyokatwa. Jifunze tu kukataa. Bolti nene za mabati zenye alama za minara ya umeme, vifungio vya reli, skrubu kubwa za mataruma, bolti za kingo za barabara: mtu hakuziokota. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo yote kwa miezi kadhaa baada ya minara ya laini kubwa ya umeme kuanguka na nchi kukosa umeme; uharibifu wa miundombinu ndio uliotajwa. Mnara husimama kwa vyuma vilivyofungwa na bolti hizo hizo unazouziwa kwa bei ya kutupa. Popote ulipo, muuzaji asiyeweza kusema mzigo umetoka wapi, mwache.

Mbali na kufunga vitu, zina matumizi gani?

Mengi, na haya matatu yanastahili kujulikana na kila mtu.

Kutoa stadi: funga nati mbili juu yake, zikaze moja dhidi ya nyingine kwa spana mbili, kisha zungusha ya chini. Stadi inatoka bila kuumia nyuzi.

Bolti iliyokatika au kulika kichwa: weka nati kuukuu isiyo na zinki juu ya kisiki, chomelea kwa ndani, acha ipoe mpaka wekundu uishe, kisha jaribu kwa spana mbele na nyuma. Joto la kuchomelea linavunja kutu, na nati inakupa kichwa kipya. Kopo la nati kuukuu linalipa gharama yake hapo.

Kuingiza bushi: stadi ndefu ya M12, washa nene pande zote, bomba la ukubwa wa bushi upande wa kupokea, na nati mbili. Ukikaza polepole kwa grisi, bushi inaingia imenyooka, bila nyundo na bila kuipasua.

Nina watoto wadogo nyumbani.

Rafu ya juu kwa vitu vidogo kuliko kidole gumba, na makopo yenye vifuniko. Nati ya M6 inapita kooni. Dizeli na siki ya kulowekea visiwekwe kamwe kwenye chupa za soda.

Akiba ikizidi nifanyeje?

Weka kikomo cha kopo moja kwa kila saizi. Linapojaa, limwage mezani, bakiza zenye namba na za urefu unaotumia zaidi, yaani milimita 20 hadi 40 kwa M6 na M8. Zilizobaki nzima mpelekee fundi baiskeli au fundi bodaboda wa mtaani kwako, yeye atazitumia wiki hiyo hiyo. Zilizopinda na kuliwa ziende kwenye chuma chakavu, baada ya kuzipiga nyundo nyuzi zake ili asije mtu akaziuza kama nzima.